Waliponiita Sikusikia

11 Februari

Mdogo wangu, kitindamimba wa mama,

Nakuandikia nikiwa barazani, cherehani mbele yangu, sare za shule zimenizunguka kama mafuriko. Sisi wazima, ingawa uzima wenyewe ni wa kuungaunga. Shemeji yako bado anagombana na mbao zake. Juzi ametengeneza kabati ambalo mlango haufungi, na mwenye kabati naye hafungi mdomo. Mpwa wako ameng'oka jino la mbele, siku hizi anacheka amejiziba kwa kiganja. Mama anakusalimu. Asubuhi kifua kinambana kidogo, lakini nguvu za kutusema sote bado anazo.

Sasa nije kwenye lililonifanya niache sare za watu. Una nini wewe? Ulizoea kupiga simu pale dukani kila Jumapili, na mama huvaa kama anakwenda harusini, akakaa juu ya kreti la soda kukusubiri. Mara ya mwisho ulipopiga nilikuwa nimesimama naye. Alikuuliza, "Unakula vizuri, mwanangu?" Ukajibu, "Ndiyo, mama, imenyesha sana." Akakuuliza kama unaumwa. Ukasema, "Nashiba kabisa." Kisha ukaaga, ukakata. Mwenye duka alicheka, nami nikacheka, na mama akacheka. Tulipofika nyumbani akaingia chumbani kwake, hakutoka mpaka chakula kikapoa.

Tangu siku hiyo hujapiga tena. Kila Jumapili anakwenda, anakaa, anarudi. Jana aliniuliza, "Kwani nilimkosea nini?"

Kama ulikuwa umelewa, sema ulikuwa umelewa. Kama umepata mwanamke anayekukataza kwenu, sema. Lakini usimwache mama juu ya kreti kama mzigo uliosahauliwa na mwenyewe.

Ni mimi dada yako, nisiyeacha kukupenda hata nikikukaripia.


2 Machi

Dada yangu,

Nakuamkia kwa heshima zote. Barua yako ilinikuta nimetoka kazini, unga mpaka kwenye kope. Mpe pole shemeji kwa kabati lake, na mwambie mpwa wangu asifiche pengo, mapengo ndiyo yanayotoa meno ya kikubwa. Hapa chumbani kwangu ni kule kule, kitanda, jiko na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Rafiki yangu Sukari, yule mkandaji wa unga niliyekuambia anaimba vibaya, anakusalimu pia.

Kuhusu simu, laini za huku ni mbovu sana siku hizi. Mtu unasikia nusu nusu. Ndiyo maana nimeona afadhali tuandikiane. Barua haikatiki.

Kazini kuna mabadiliko kidogo. Wamenitoa kwenye tanuri, sasa niko stoo ya unga, nafagia na kupanga magunia. Ni kwa muda tu.

Karatasi ya pili ni ya mama. Msomee polepole, na mwambie hajanikosea kitu, wala hawezi kunikosea.

Mdogo wako.


20 Machi

Kitindamimba,

Tumepokea. Huku mvua imetunyima, vumbi linaingia mpaka ndani ya sindano. Mpwa wako amefanya ulivyosema, sasa anacheka mdomo wazi mpaka wageni wanaona koo. Mama nilimsomea karatasi yake mara mbili. Aliniambia niirudie pale uliposema unakumbuka sauti yake akikuamsha kwenda shule. Halafu akauliza, "Kama anaikumbuka, mbona haji kuisikia?"

Mimi nina swali langu. Mtu aliyeoka mikate miaka yote hiyo, mtu ambaye meneja mwenyewe alikuwa anamleta kufundisha wageni, anapewa ufagio "kwa muda"? Mimi ni fundi cherehani, mdogo wangu, kiraka nakijua hata kikishonwa kwa ndani. Wakubwa walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Nini kimetokea?

Usiniandikie habari za laini za simu. Mwenye duka anasema laini ni nzima.

Dada yako.


14 Aprili

Dada,

Natumaini nyote hamjambo na vumbi limetulia. Barua hii haina karatasi ya mama, na utaona kwa nini.

Dada, sisikii.

Ilianza baada ya ile homa ya mwaka jana niliyokwambia ilipita. Ilipita kweli, ila haikuondoka mikono mitupu. Daktari wa masikio anasema mishipa imekufa na hakuna dawa ya kuifufua. Sikio la kushoto halina kitu kabisa. La kulia lina mngurumo, kama watu wanaongea ndani ya pipa. Nilijaribu kile kifaa cha kuvaa sikioni, kikaukuza mngurumo tu.

Siku ile ya simu sikusikia hata neno moja la mama. Nilikuwa nakisia. Si unajua maswali yake yana foleni? Kwanza huuliza mvua, halafu chakula, halafu afya, halafu nitakuja lini. Nilikuwa nimefanya hivyo Jumapili nyingi, nasubiri mngurumo unyamaze, najibu kwa foleni. Siku hiyo nadhani alianza na chakula. Nilipoweka simu chini nikamwona mtu aliyekuwa nyuma yangu ananitazama, nikajua nimeharibu. Sikuwa na ujasiri wa kupiga tena.

Na kazi ni hivi. Tanuri letu mikate ikiiva hupiga kengele. Siku moja iliita, sikuisikia, mkupuo mzima ukawa mkaa. Nikaona nisiwe mjinga, nikaenda kwa meneja mwenyewe. Sukari alikuwa pale pale, na ndoo yake ya maji mkononi. Nikasema ukweli wote. Nikaomba jambo moja tu, kwamba waya wa kengele uunganishwe na taa, iwekwe juu ya tanuri ninapoiona, ikiwaka nifungue. Fundi umeme wa kiwanda alishaniambia ni kazi ya mchana mmoja. Meneja alinisikiliza, akanipiga bega, akanipa mkono. Nikatoka pale nimefurahi kama mtoto.

Kesho yake nikapewa ufagio. Na wiki iliyopita nikapewa barua ya kuachishwa, imeandikwa "kwa usalama wake mwenyewe." Usalama wangu! Ni kama mtu kukutoa nyumbani kwako mvua ikinyesha, eti asije paa likakuangukia.

Nakuomba kitu kimoja. Mama asijue. Ameshamzika baba, ameshamzika kaka yetu. Asianze kuzika masikio yangu. Mwambie laini ni mbovu.

Mdogo wako.


9 Mei

Mdogo wangu,

Sijui niandike salamu gani. Sote tu wazima. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaketi chini palepale uani. Shemeji yako aliisoma baada yangu, akaenda kupiga randa ubao ambao haukuwa na kazi yoyote, mpaka ukaisha.

Nilikuita mlevi. Nisamehe.

Rudi nyumbani, tutakula tutakachokula. Lakini nakujua, hutarudi umefukuzwa, kwa hiyo sikiliza jambo la pili. Nina mteja ambaye ni katibu wa chama cha wafanyakazi. Nilikuwa nampima suruali nikamweleza, bila kusema ni nani. Akaniambia sheria ipo. Mwajiri haruhusiwi kumfukuza mtu kwa ulemavu kama kazi anaiweza akirekebishiwa kitu kidogo. Kama marekebisho yanawezekana, lazima ayafanye, na kama anasema yanamshinda, yeye ndiye wa kuthibitisha. Nikamuuliza, "Hata taa?" Akasema, "Mama, watu wamebadilishiwa meza, saa za kuingia, mpaka milango. Taa ni nini?" Ameniandikia jina la kituo cha msaada wa sheria huko kwenu, nimelibana humu kwa pini. Nenda. Usipoteze muda, malalamiko yana siku zake.

Mama hajambo. Dukani haendi tena Jumapili, anasema amechoka kukaa kwenye kreti. Anakuombea.

Dada yako.


30 Juni

Dada yangu mpendwa,

Nawasalimu mmoja mmoja. Mshukuru sana huyo katibu, na suruali yake imkae vizuri.

Nilikwenda. Wakili ni mama mmoja mfupi, ana mafaili mengi kuliko viti. Tulizungumza kwa kuandikiana. Alipoandika neno "mlemavu" nilivuta karatasi, nikalikata. Nikaandika, mimi si mlemavu, mimi ni mwokaji, masikio ndiyo mabovu. Akaandika chini yake, "Sheria haikuulizi unajionaje. Inawauliza wao walikufanyia nini." Nikasaini.

Malalamiko yalipelekwa baraza la kazi. Mara ya kwanza wakili wa kiwanda hakutokea, ikaahirishwa. Mara ya pili ndiyo nataka nikusimulie, cheka au lia, utachagua mwenyewe.

Niliwahi mapema mno, nikakaa kwenye benchi koridoni pamoja na wengine. Wakili wangu alikuwa chumba kingine na kesi nyingine, aliniambia wakiniita niingie, atanifuata. Nikakaa. Watu wanaingia, wanatoka. Nikaona benchi linapungua, nikafikiri zamu yangu imekaribia. Mwisho nikabaki peke yangu. Kumbe karani alishatoka mlangoni akaita jina langu, akaita tena, akaita tena, nami nimekaa hatua chache kutoka kwake natazama viatu vyangu. Akaandika kwamba mlalamikaji hakufika.

Wakili wangu alipokuja akaona nilivyokaa, alielewa kabla sijamwambia kitu. Aliingia mle ndani kama moto. Aliniandikia baadaye alichosema: "Mheshimiwa, mnamfutia kiziwi kesi kwa sababu hakusikia akiitwa?" Mwenyekiti akakubali kuirudisha, lakini akaonya kwamba kuahirisha kumekwisha. Kesi itasikilizwa tarehe sita Agosti, na nisipokuwepo, kwa sababu yoyote ile, inafutwa na hairudi.

Mama anaendeleaje? Karatasi yake iko nyuma. Nimemwambia kazi nzuri na njaa sina.

Mdogo wako.


18 Julai

Kitindamimba,

Huku tunaendelea. Barua hii ni fupi kwa sababu nina haraka. Tarehe sita usikose. Usikae kwenye benchi, simama mbele ya mlango, umtazame karani mdomoni. Ikinyesha nenda, ukiumwa nenda. Lolote utakalosikia kutoka kokote, nenda kwanza.

Mama amefurahi kusikia kazi ni nzuri.

Dada yako.


12 Agosti

Dada,

Barua yako ya mwisho ilikuwa kama amri ya jeshi, lakini niliitii. Nilisimama mlangoni mpaka karani akaniuliza kwa ishara kama nataka kiti chake.

Mwenyekiti wa baraza ni mzee mwenye masharubu yanayofunika mdomo wote. Alianza kuniuliza swali, nikaona masharubu tu yanacheza. Wakili wangu akasimama, akadai kila neno liandikwe nilisome, la sivyo wananifanyia kile kile nilicholalamikia kiwandani. Wakabishana. Mwishowe karani akaletwa pembeni yangu na mashine yake ya kuchapa, na yote yaliyosemwa nikayasoma yakitoka kwenye karatasi. Nilisoma kesi yangu kama mtu anayesoma barua ya jirani.

Meneja alikuja na tai mpya. Akaapa kwamba sikuwahi kuomba taa wala kitu chochote. Alisema niliunguza mikate, wakachunguza, wakanionea huruma. Ndipo akaitwa Sukari.

Dada, Sukari tumekula naye sahani moja. Alipita mbele yangu hakunitazama. Wakili wangu akamuuliza, "Ulikuwepo mwenzako alipomwomba meneja taa?" Mashine ikachapa, "Sikumbuki." Akamuuliza, "Ulikuwepo pale siku hiyo?" "Nilikuwepo." "Ulikuwa mbali?" "Nilikuwa karibu." "Waliongea nini?" "Sikumbuki." Nilimwangalia shati lake. Alikuwa amevaa lile nililompa yeye siku mwanawe alipozaliwa. Sikumchukia. Ana watoto, na meneja alikuwa amekaa palepale anamtazama. Lakini nilihisi kama sikio la tatu limekufa.

Nikajua tumeshindwa. Wakili wangu pia alijua, alikuwa anakunja na kukunjua karatasi. Kisha yule mzee wa masharubu akamgeukia meneja, akamuuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Tuseme alikuomba. Tuseme tu. Ungefanyaje?" Meneja akajibu mara moja, "Nisingeweka, mheshimiwa. Leo nimwekee huyu taa, kesho kila mtu aje na shida yake? Kile ni kiwanda, si hospitali."

Mashine ikasimama. Karani alinitazama, akanisukumia karatasi karibu zaidi nisome vizuri.

Mzee akauliza, "Ulimuuliza fundi umeme taa hiyo ina ugumu gani?" "Hapana." "Ulimjaribu huyu kwenye tanuri akiwa na taa, ukaona ni hatari?" "Hapana." Hakuuliza tena.

Uamuzi tutapewa baadaye. Mbona mama hajibu karatasi yake siku hizi? Zamani alikuwa anakupa maneno ya kuniandikia.

Mdogo wako.


5 Septemba

Mdogo wangu,

Nimesoma, nimefurahi ulivyosimama imara. Shemeji yako anasema huyo meneja amejikaanga kwa mafuta yake mwenyewe.

Mama amepumzika. Kifua hakimsumbui tena. Usiwe na wasiwasi.

Dada yako.


27 Septemba

Dada! Dada! Dada!

Salamu zitafuata, niache kwanza niseme. Tumeshinda!

Baraza limesema walinibagua. Limesema nilikuwa mfanyakazi niliyeiweza kazi, nikahitaji jambo dogo, wakaninyima bila hata kuuliza lingekuwa gumu kiasi gani, na kwamba huruma ya kumfukuza mtu si huruma. Nirudishwe kwenye tanuri langu, na taa iwekwe kabla sijaingia. Kiwanda kimesema hakitakata rufaa. Wakili wangu mfupi aliruka, nikaona soli ya kiatu chake ina tundu.

Nimeshukuru Mungu kwa habari zako za mama. Ulipoandika amepumzika nililala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Sasa nakuja. Kazi inaanza Novemba, nitapata siku chache kabla. Nitamwambia mwenyewe habari za masikio, uso kwa uso, nikiwa tayari nimeshinda, asipate nafasi ya kulia. Na nina siri. Wamenifundisha pale kituoni kusoma midomo. Kila asubuhi nakaa mbele ya kioo najiongelesha kama mwendawazimu. Watu wengi bado wananishinda, wanaongea kama wanatafuna. Lakini mama ana midomo mipana na haongei haraka, na maneno yake nayajua tangu nikiwa tumboni. Yeye nitamsoma. Nina hakika yeye nitamsoma.

Usimwambie nakuja.

Kitindamimba wenu.


8 Oktoba

Mdogo wangu,

Kaa chini kwanza. Kama umesimama, kaa.

Mama hayupo. Alifariki mwishoni mwa Julai. Nilikuandikia kwamba amepumzika kwa sababu nilishindwa kuandika neno lenyewe, na nilishindwa pia kuandika uongo mtupu.

Kifua kilimzidi tangu Juni. Alijua habari za masikio yako, alijua tangu Aprili. Nilikuwa namsomea barua yako ile, natafuta la kusema badala ya kilichoandikwa, akaniambia, "Mbona macho yako yamefika chini ya karatasi na mdomo bado uko juu?" Nikamsomea yote. Nilidhani atapiga yowe. Badala yake akasema, "Kumbe hakunikataa." Akarudia tena, "Kumbe hakunikataa." Siku hiyo alikula akamaliza sahani. Ndiyo maana hakwenda tena dukani. Alikuwa hana cha kusubiri kule. Na ile karatasi uliyomwandikia kwamba kazi ni nzuri alinitaka nimsomee hivyo hivyo, akitikisa kichwa. Alisema, "Niache nidanganywe na mwanangu, ndicho anachoweza kunipa kwa sasa."

Alipoanza kushindwa kukaa, niliandika telegramu ya kukuita. Shemeji yako alikuwa ameshavaa viatu aipeleke posta. Mama akanishika mkono. "Usimwite," akasema. "Akija, wataita jina lake kule na hatakuwepo. Mimi sitaki kuondoka na riziki ya mwanangu." Nikamwambia, "Mama, hatanisamehe." Akasema, "Heri akukasirikie ana kazi kuliko akushukuru hana." Yale ya kusimama mlangoni umtazame karani mdomoni ni maneno yake, si yangu. Aliniandikisha akiwa amelala.

Tulimzika wiki ileile ya kesi yako. Watu waliniuliza kitindamimba yuko wapi, nikawaambia yuko njiani. Baada ya kesi ningeweza kukuambia. Kila nilipochukua kalamu nilijiambia, tusubiri uamuzi kwanza. Hilo hakunituma mama. Hilo ni langu.

Nimeambatanisha picha yake ya mwisho. Mdomo uko wazi kidogo, alikuwa anamwambia mpiga picha asogee.

Njoo. Hata kama utakuja kunitukana, njoo.

Dada yako.


19 Novemba

Dada,

Nimefika salama. Nasalimu nyumba nzima.

Nisamehe nilivyoondoka na basi la kwanza bila kukuaga vizuri. Nilikuwa nimelala kwenye kitanda cha mama na nikaona nikikaa siku nyingine moja sitainuka.

Kazi nimeanza. Taa wameiweka, nyekundu, kubwa kuliko nilivyoomba. Ikiwaka chumba kizima kinageuka rangi. Fundi umeme alinionyesha kidole gumba. Mikate inatoka vizuri. Meneja ananipa karatasi badala ya kuniambia, na zote zimeandikwa kwa adabu. Sukari alihama zamu siku niliyorudi. Wenzangu wakati wa chakula wanakaa upande wa pili, si kwa ubaya nadhani, ila hawajui waanzie wapi, na mimi nimechoka kuanza. Nakula nikiitazama taa.

Sheria imenipa kila kitu nilichoiomba. Nilipokuwa naiomba sikujua ningekosa nini.

Sijui kama nimekusamehe. Kuna saa naona mama alikuwa sahihi, na kuna saa naona mngenipa siku moja tu, nimshike mkono, kesi ikafie mbali. Usinisukume, niache nitembee taratibu.

Lakini kuna jambo lazima nikwambie. Pale kaburini uliongea. Uliongea muda mrefu, umeinama, uso wote umeuficha kwenye viganja. Nilimwona shemeji anatikisa kichwa, mpwa wangu analia, mpaka mlinzi wa makaburi akavua kofia. Kila mtu alisikia, isipokuwa mimi niliyekuwa naambiwa. Sikuweza kukushika mikono nikuambie uitoe usoni nikusome. Nikafanya ninavyofanya siku zote, nikasubiri mabega yako yatulie, nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Ukanikumbatia kwa nguvu, ukidhani nimekujibu.

Sijui nilikubali nini, dada. Niandikie ulichosema.

Mdogo wako.